Jicho la Baba na Mkono wa Korbinian

Wamemtuma karani wa mji aniombe niandike maisha ya marehemu mdogo wangu, Daktari Korbinian Hirtreiter, wapate maneno ya kuchonga kwenye jiwe. "Kwa kifupi, Bi Zenzi, na kwa heshima," akaniambia, kalamu sikioni. Nikamjibu kwamba kifupi mimi sikijui, na heshima ataiona akishamaliza supu yake na kuondoka. Tarehe wakaziulize kanisani. Mimi nitasema jinsi nilivyokaribia kuiua kazi ya mdogo wangu kwa mikono yangu hii miwili. Yeye hayupo tena wa kunikataza, na mimi umri huu namwogopa Mungu peke yake.

Tulizaliwa Rabenhütt, ndani kabisa ya msitu, penye tanuri la vioo. Baba yetu, Bartl, alikuwa mpuliza vioo, na babu kabla yake. Mtu wa tanuri anaanza kuutazama moto akiwa na miaka kumi na miwili, na akifika hamsini macho yanaanza kuingia ukungu. Kwetu hilo halikumshangaza mtu. Mama alikufa mapema kwa kifua, mimi nikiwa na miaka kumi, Korbinian mitano, nikamlea mwenyewe. Nilimbeba mgongoni hadi alipoanza kuona aibu.

Siku hizo mtoto wa jicho alikuwa na tiba moja tu, nayo ni bwana wa sindano. Alipita sokoni mara mbili kwa mwaka, na tarumbeta na kijana wa kuchekesha watu. Alikukalisha kwenye kigoda mbele ya umati, akaingiza sindano, akausukuma ule utando chini ya jicho, ukaona, watu wakapiga makofi. Usaha ulipokuja siku ya nne, yeye alishavuka mito miwili. Baba alipoteza jicho la kushoto namna hiyo. Korbinian alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyemshika mkono kumrudisha nyumbani, mzee akitapika njia nzima kwa maumivu. Alipomfikisha alikwenda kwa padre akamwambia, "Nataka kuwa daktari wa macho. Nisaidie au nitaiba." Padre alisaidia, Mungu amlaze pema, maana yule mtoto angeiba kweli.

Alisoma Munich, akarudi akiwa na miaka ishirini na minane. Wenzake walibaki mjini kutibu macho ya wenye magari ya farasi. Yeye alilikodi ghala la zamani la majivu ya kutengenezea vioo pale tanurini, tukalipaka chokaa, tukaweka vitanda sita. Mimi nilikuwa mpishi, mfuaji, mshika vichwa na mfunga bendeji. Nilikuwa na mchumba wakati ule, fundi seremala. Nikamwambia asubiri kidogo. Mpaka leo anasubiri, na wajukuu anao saba.

Sasa lile lililomfanya mdogo wangu awe mtu wa kuchongewa jiwe ni hili. Wakubwa wa Munich, wakitaka kumtoa mtoto wa jicho, walikata nusu duara kubwa mbele ya jicho, kama unavyofungua yai la kuchemsha. Jeraha kama hilo hufunga polepole, na likifumuka, jicho linamwagika, kwisha. Korbinian akasema, hapana. Akakata mstari mfupi, juu kabisa, ukingoni, pale ambapo kope lenyewe linalifunika jeraha kama mfuniko. Alijifunza kwa macho ya nguruwe. Kila Jumamosi nilikwenda kwa mchinjaji na bakuli. "Zenzi," mchinjaji ananiuliza mbele ya watu, "nguruwe wa kwenu wamepona? Wanasoma gazeti?" Watu hoi kwa kicheko. Mimi nikamwambia wanasoma vizuri kuliko yeye.

Macho sitini na moja aliyakata kwa mtindo wake katika miaka sita. Hamsini na sita yaliona. Akawaandikia Munich, nao wakamwita daktari wa nguruwe. Lakini watu wa msituni hawasomi barua za Munich. Waliona fulani anatembea bila fimbo, wakaja.

Baba peke yake ndiye hakutaka. Jicho la kulia lilizidi kuziba mwaka hadi mwaka, yeye anasema, "Moja alichukua mhuni. Hili moja naondoka nalo, hata kama bovu." Mpaka kiangazi cha mwaka elfu moja mia nane sitini na tisa. Siku hiyo nilimwekea donge la mkate na kabichi chachu, akapeleka kijiko pembeni ya sahani mara tatu, mara tatu kikagonga meza. Akakiweka chini.

"We Korbi," akaita. "Uko hapo?"

"Nipo, baba."

"Kata."

Nilimwona Korbinian rangi inamtoka. "Baba, ni jicho moja tu limebaki," akasema. "Likiharibika hakuna jingine."

"Kuhesabu mpaka moja najua, mwanangu. Kata."

Hilo jicho moja ndilo kisa changu chote. Ndani ya jicho lile mlikuwemo baba, mlikuwemo mdogo wangu na kazi yake, na sisi wote tulijua.

Alilikata Jumatatu, tarehe kumi na sita Agosti, asubuhi kwenye mwanga mzuri. Dawa ya kutia ganzi jicho haikuwepo bado. Mtu alilala macho makavu na akili zake zote, na mimi nilikishika kichwa chake kati ya viganja. Nilimsikia baba anasaga meno. Mkono wa Korbinian ulikuwa umetulia, nasema kweli, sijawahi kuuona umetulia vile. Mstari ule mfupi, kubonyeza kidogo, na yule mtoto wa jicho akatoka mzima, wa kahawia, mdogo kama punje ya dengu. Kisha, kama ilivyokuwa desturi, kabla ya kufunga, akanyoosha vidole.

"Vingapi, baba?"

"Vitatu. Na kucha chafu." Akageuza jicho kidogo upande wangu. "Nani huyu mzee?"

"Ni Zenzi, baba."

"Yesu na Maria," akasema. "Zenzi, umezeeka lini?"

Nikacheka huku nalia, na Korbinian akanifokea nisitikise kichwa. Akakifunga. Macho yote mawili, bendeji juu ya bendeji, kichwa katikati ya vifuko viwili vya mchanga, mapazia yamefungwa. Siku kumi. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, maana kukata ni dakika tatu lakini kulala ndiko kunakoponya. Asikohoe, asicheke, asilie, asijisukume chooni. Juu ya yote, asipige chafya. Chafya moja ya nguvu ingelifumua jeraha.

Na hapo mtu asiyejua kwetu haelewi ugumu ulikuwa wapi. Mwanamume wa tanuri bila ugoro si mwanamume. Kila mmoja ana kichupa chake cha kioo, amekipuliza mwenyewe, na rangi zake, na anakibeba mfukoni mwa shati mpaka kaburini. Mkikutana, kabla ya salamu, vichupa vinabadilishana mikono. Anayekataa ugoro wa mwenzake amemtukana yeye na tanuri lake. Baba alikuwa amenusa miaka arobaini.

"Chafya ni za wanawake na mapadre," alimwambia Korbinian. "Mimi sijapiga chafya tangu nina miaka ishirini na mitano. Pua yangu imeshakuwa ngozi ya buti."

"Baba, ukikaa wiki bila kunusa, pua inasahau. Inakuwa ya mtoto." Korbinian akakichukua kichupa, akakifungia kabatini, akanipa mimi ufunguo. Akanitazama. "Hata harufu, dada. Hata harufu."

"Nimesikia."

"Nakukabidhi wewe."

"Si nimesema nimesikia? Unanihubiria kama padre mgeni."

Siku nne za mwanzo mzee alikuwa mzuri. Siku ya tano akaanza. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya blanketi, vinatafuta, vinatafuta. Halafu akaanza kuomba, baba yangu ambaye sijamsikia akiomba kitu tangu nizaliwe.

"Zenzi. Nipe nikishike tu."

"Nyamaza, baba."

"Kitupu. Kioshe. Sitaki ugoro, nakitaka chenyewe. Nimelala gizani kama maiti, mkono hauna cha kushika. Nitalia, Zenzi, na mmenikataza kulia."

Na sauti ilikuwa inatetemeka kweli. Nikaogopa machozi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea baba. Nilikitoa kabatini, nikakiosha kwa maji ya moto mara tatu, nikakikausha juani, nikakinusa mwenyewe hadi ndani ya shingo yake. Hakikuwa na kitu. Nikamtia mkononi. Akakifumbata kifuani, akatulia, akalala usingizi wa kwanza wa maana. Nikajiona nina akili kuliko daktari. Korbinian akipita kuwaona wagonjwa, nilikifunika na blanketi.

Jumanne tarehe ishirini na nne ni sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, somo wa baba, maana Bartl ni Bartolomayo kwa kifupi. Siku ya nane. Tanuri zima lilikuja mlangoni na bia na nyimbo, nikawafukuza wote kwa ufagio. Nikamruhusu mmoja tu, Xaver, aliyepuliza vioo naye bega kwa bega miaka thelathini. Huyo ningemkataza vipi, siku ya somo?

"Tumsifu Yesu Kristo, Zenzi."

"Milele amina. Kichupa chako, lete hapa."

Akanipa bila ubishi. "Najua, najua. Nimeambiwa. Sitampa hata punje."

"Na usimchekeshe. Vichekesho vyako na vyenyewe vibovu, lakini yeye anavicheka."

Akaingia kwa ncha za vidole. Nikaenda kisimani kuchota maji. Kisima kiko hatua mia moja, si zaidi. Nilikuwa nimeshatia ndoo nilipoisikia. Chafya. Kubwa, kama mlango unaobamizwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, na hiyo ya tatu ilimalizikia kwenye ukelele.

Sikumbuki nilivyofika. Baba alikuwa ameketi, ameketi kitandani wima, mikono yote miwili imebana bendeji, na kichupa kiko kwenye blanketi, kimejaa ugoro mbichi wa kahawia mpaka shingoni. Xaver amesimama ukutani, midomo inacheza.

"Umempa!" nikasema. "Shetani we, umempa!"

"Sikumpa, Zenzi! Naapa kwa Bikira Maria, sikumpa! Nilimjazia tu!" Mkononi alikuwa na kifuko cha ngozi, zawadi ya somo, ugoro aliousaga mwenyewe, wa kuja kutumiwa bendeji zikishafunguliwa. Kichupa niliuliza. Kifuko sikuuliza. "Nimemkuta na kichupa kitupu, Zenzi! Kitupu! Siku ya somo wake! Ningefanyaje?"

Nami nilijua angefanyaje. Kwetu ukiona kichupa cha rafiki yako ni kitupu, humwulizi, unajaza. Kuuliza ni kumwita maskini. Na akishajaziwa, lazima anuse ya kwanza mbele yako, asiponusa amekutemea mate usoni. Wote wawili walifanya adabu. Mimi ndiye niliyeiweka adabu hiyo mkononi mwa baba, halafu nikaenda zangu kisimani.

Nikamlaza. Bendeji ilikuwa inalowa, si machozi, kitu kizito. Baba akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu zile za mpuliza vioo.

"Sikiliza. Hakuna ugoro. Hakuna Xaver. Nilikohoa usingizini."

"Baba, lazima nimwambie."

"Umwambie nini? Kwamba dada yake alikuwa na ufunguo? Namjua Korbi, ni damu yangu, hasamehi. Jicho limeshakwenda. Mimi kupofuka nimeshapofuka, sasa unataka na yeye akose dada? Xaver, toka. Zenzi, chukua hicho kichupa ukakitupe kisimani."

Nikakitupa. Nikamwita mdogo wangu.

Alifungua bendeji mbele ya dirisha. Nilimwona usoni kabla sijaona jicho, nikageuka. Alifunga tena, polepole, vizuri, kama vile bado kuna kitu cha kulindwa.

"Nilikohoa, mwanangu," baba akasema. "Usingizini."

"Kikohozi hakifumui," Korbinian akasema. "Siku ya nane, kwa mkato ule, kikohozi hakifumui. Labda kama mkato ulikuwa mbaya."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza.

Tangu hapo zilipita siku kumi na saba, nami nazijua moja moja. Siku ya pili yake akaosha visu vyote, akavipaka mafuta, akavifunga kwenye kitambaa. Wagonjwa waliokuja aliwaambia, "Mkono wangu unaumwa. Rudini nyumbani." Wengine walikuwa wametembea siku mbili. Walimtazama ule mkono, mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo, wakamwambia pole daktari, wakageuka na fimbo zao. Jioni zake alikaa mezani na macho ya nguruwe. Mchinjaji aliacha kunitania, akawa ananijazia bakuli kimya. Korbinian alikata, akakuza kwa lenzi, akakata tena, anatafuta kosa. Macho arobaini na zaidi. Kila jicho mkato ulikuwa sahihi, na kila mara aliponiambia, "Sioni, dada. Huu uko sawa. Basi ule ulikuwaje?" mimi nilijibu, "Kula kwanza, chakula kinapoa."

Siku ya kumi na mbili akaandika barua Munich. Aliniachia wazi mezani, labda kwa makusudi, labda hakuwa na nguvu ya kuikunja. Aliandika kwamba mtindo wake una hatari aliyoshindwa kuieleza, kwamba ameutumia kwa kiburi, na kwamba anawaomba madaktari vijana wasiufuate. Niliisoma nikasimama jikoni nimeshika ukingo wa jiko mpaka nikaungua. Usiku na mchana nilijiambia kesho. Nikamwendea baba.

"Baba, anajimaliza. Nimwambie."

Alikuwa amelala uso ukutani. "Atapona. Mtu husahau."

"Hasahau! Anakata macho ya nguruwe usiku kucha!"

"Basi mwambie," akasema, "upoteze ndugu. Mimi nilikuwa nakupa nafasi." Na akalia, sasa akiwa huru kulia.

Sikumwambia. Niseme wazi, tusije tukachonga jiwe la uongo: niliogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sina mume, sina mtoto, nina mdogo wangu tu. Nilitaka aendelee kuniita dada. Kwa hilo nilimwacha azame.

Ijumaa, siku ya kumi na saba, akaja mwanamke aitwaye Afra, mke wa mkata miti kutoka ng'ambo ya mlima. Hakuwa na miaka thelathini. Macho yote mawili meupe. Mama mkwe wake alikuwa anamwongoza, na Afra mwenyewe amefunga kifuani kitoto cha wiki sita. Korbinian akatoka ukumbini akasema maneno yake yale yale, mkono unaumwa, rudini nyumbani.

"Hata kuangalia tu, daktari?" Afra akasema. "Sijamwona huyu. Wanasema kafanana na mimi. Sijui wananifariji."

"Mkono wangu unaumwa, mama."

"Pole sana, daktari," akasema. Akageuka, akagonga fremu ya mlango kwa bega, akamkinga mtoto kwa kiwiko. Mama mkwe akamvuta.

"Muongo!" nikapiga kelele. Ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa na rundo la shuka mikononi, nikaliangusha. "Muongo, mkono wako mzima! Mimi ndiye! Mimi nilimpa kichupa! Kitupu, nilikiosha, akalia nikampa, Xaver akakijaza, akapiga chafya tatu, nilizisikia kisimani! Mkato wako haukuwa na kosa, Korbi! Ni mimi!"

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ngapi umejua?"

"Tangu siku ile ile."

"Kumi na saba." Akatazama mlango. "Nimewarudisha watu kumi na tisa."

Akakunja mikono ya shati. "Mwite yule mama," akaniambia. "Halafu chemsha maji, Bi Kreszentia."

Bi Kreszentia. Jina langu la ubatizo, ambalo nilikuwa nalisikia kwa padre tu na karani wa posta.

Nikakimbia barabarani bila viatu, nikawakuta darajani. Alimkata Afra Jumatatu, jicho la kwanza, kisha la pili baada ya mwezi, na yote mawili yakaona. Kitoto hakikufanana naye hata kidogo, kilikuwa na pua ya mkata miti, akacheka sana na nikamfokea asicheke. Barua nyingine ikaenda Munich, lakini ile ya kwanza ilishasomwa, na mtu akishajivua nguo mwenyewe, nani atamwambia vaa? Ilichukua miaka kumi na moja kabla daktari wa kwanza wa mjini hajakubali kuja Rabenhütt kuangalia. Miaka kumi na moja watu walifunguliwa macho kama mayai.

Baba alikufa majira ya baridi yale yale. Mimi na Korbinian tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na minne tena, mpaka moyo wake uliposimama. Hakunitukana hata siku moja. Hakunifukuza. "Mkasi, Bi Kreszentia. Pamba, Bi Kreszentia." Krismasi alinipa soksi za sufu, nami nilimpa za kwake, tukashukuriana kama majirani. Wagonjwa walidhani mimi ni mwajiriwa kutoka mjini Passau. Nilikuwa namlilia akiwa hai, yuko mbele yangu, anakula supu yangu.

Na wale kumi na tisa. Kumi na mmoja walisikia habari wakarudi wenyewe. Wanane hawakurudi, nikaomba ruhusa ya Jumapili nikawafuata mmoja mmoja kwa miguu. Wawili walikuwa wamekufa. Watano niliwaleta. Wa nane alikuwa Walburg, mama mzee mwokota kuni, anaishi peke yake juu kabisa, kwenye kibanda cha wachoma mkaa. Nilimfikia mwezi wa tano, theluji ilipoisha njiani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nyumbani: mimi ndiye Zenzi, mkono haukuwa unaumwa, njoo twende.

Alifungua mlango kwa kupapasa. Nikaona mara moja kwamba nimechelewa. Bwana wa sindano alipita vuli. Macho yote mawili yalikuwa yamesinyaa ndani ya matundu yake kama zabibu kavu.

"Nani?"

"Natoka kwa daktari wa Rabenhütt."

Uso wote ukafunguka. Akanishika mkono kwa vidole vyake vigumu. "Kwa daktari! Maskini mtoto wa watu. Mkono wake umepona?"

"Umepona, mama."

"Mungu ashukuriwe!" Akajipiga ishara ya msalaba. "Nilijua. Namwombea rozari nzima kila siku tangu nirudi. Nikajisemea, Walburg, wewe ni mzee, yako yameshapita, lakini ule mkono unasubiriwa na watu. Ingia, mwanangu. Mpelekee salamu zangu. Mwambie nimefurahi."

Sikumwambia ukweli. Nilikwenda kwa ajili hiyo tu, na sikumwambia. Nilimmenyea viazi, nikampasulia kuni, nikashuka mlima nikiwa na salamu zake.

Kesho yake asubuhi, katikati ya kazi, nikazifikisha. "Walburg wa juu anakusalimu. Sindano imeshapita kwake, hakuna tena cha kufanya. Anasema anakuombea kila siku, na amefurahi mkono wako umepona."

Korbinian akaweka kisu chini. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwetu, mabega yanatikisika, na wagonjwa sita ndani na bendeji zao wakauliza kuna nini. Nilikwenda hadi mlangoni. Nilitaka kukaa karibu naye, nimshike kichwa kama alipokuwa mtoto. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha.

Alipoingia alikuwa ameshanawa uso.

"Mgonjwa anayefuata, Bi Kreszentia," akasema.